Mikebe Mine ya Sardini na Feza ya Kikundi: Juu ya Nini Samaki ya Mukebe Haina Beyi Moja



Wakati tulikuwa ku home ya Kasapa, tulikuwa watu sita tunakula pamoja. Kila mutu alikuwa anakotiza, kisha mumoja anashika feza na kwenda ku soko. Mwezi ule njo mimi nilikuwa mutunza-feza. Jioni moja nikarudi na mikebe mine ya sardini, ile midogo ya pembe nne, kila mumoja 3 000 F. Jumla 12 000. Mwenzetu mumoja, mutu wa masomo ya uchumi, akaangalia meza, akaniangalia mimi, akasema: "Ule mukebe mukubwa wa duara uko 7 000, na ndani iko samaki mingi sawa na hii yako yote. 5 000 ingine iko wapi?"

Facture sikuwa nayo. Ba mama ya soko hawaandikaka facture juu ya mikebe mine. Hakuna mutu alitamka neno mwizi, lakini wiki iliyofuata feza ikapewa mwingine, na mimi nikabaki kuosha masahani.

Kilichoniuma zaidi haikuwa masahani. Nilijua kama sikuiba, lakini sikujua kueleza juu ya nini samaki na samaki, mukebe na mukebe, zinaachana beyi hivyo. Leo ninajua kidogo. Na juu wengi kati yetu wanaanza biashara ndogo ya alimantasio, ao wanashika feza ya vikundi, ao wanakula mukate na sardini mara tatu kwa wiki, nimeona ni vema niandike.

Tuanze na jambo yenye mwenzangu wa uchumi mwenyewe hakuona.

Kamata mukebe wowote ulio kwako, ugeuze. Utaona namba mbili za uzito. Ya kwanza ni "poids net", uzito wa vyote vilivyo ndani: samaki, mafuta, tomati, chumvi, maji. Ya pili, mara nyingi imeandikwa kidogo sana na kusukumwa pembeni, ni "poids net égoutté": uzito wa samaki peke yake, kisha mafuta ao musosi kumwangwa. Mukebe wa kawaida wa sardini ni gramu 125. Samaki yenyewe iko karibu 90. Ule mukubwa wa duara ni gramu 425, lakini samaki ndani, katika ile yenye nilikuta mu soko kwetu, ilikuwa 235. Zinazobaki ni tomati na maji.

Sasa piga hesabu. Kwa "poids net", mikebe yangu mine ilikuwa gramu 500 kwa 12 000 F, ni kusema 2 400 F kwa gramu mia. Ule mukubwa ulikuwa 7 000 kwa gramu 425, karibu 1 650 F kwa gramu mia. Tofauti inatisha: 750 F kwa kila gramu mia. Lakini mutu hanunui maji ya tomati ili ashibe. Hesabu samaki peke yake: mimi nilileta gramu 360 kwa 12 000, ni 3 330 F kwa gramu mia. Mukebe mukubwa una gramu 235 kwa 7 000, ni 2 980 F. Tofauti imeshuka hadi 350 F. Samaki ile ile ya gramu 360, kama ningeinunua mu mukebe mukubwa, ingekuwa kitu kama 10 700 F. Kwa hiyo nilipoteza 1 300 hivi. Si 5 000.

1 300 F nayo ni feza, sikatai. Ku home inalipa mukate wa mutu mumoja. Lakini ona namna hesabu ya kweli inabadilisha hata neno la mutu juu ya mwenzake.

Sasa inabaki hii tofauti ya 350 F. Inatoka wapi? Hapa tunaingia ndani ya mukebe wenyewe.

Watu wengi kwetu wanaita "sardini" kila samaki ndogo ya mukebe, na "makerele" kila samaki ya mukebe wa duara. Wauzaji wakubwa hawafanye vile. Kwao jina ni feza. Samaki yenye inaitwa sardini bila kuongeza neno lingine ni moja: Sardina pilchardus, ya bahari ya Ulaya na Afrika ya kaskazini. Inchi inayouza zaidi sardini ya mukebe duniani ni Maroko, na mikebe mingi ya pembe nne yenye tunaona Lubumbashi inatoka kule. Lakini kuna samaki ingine, Sardinops sagax, jamaa wa karibu. Inaishi upande wa Peru na Chile, Japani, Afrika ya Kusini na Namibia. Iko mukubwa kidogo. Ku mikebe ya Afrika ya Kusini wanaiandika "pilchard", na inafika kwetu kupitia Kasumbalesa katika mikebe ya duara yenye musosi wa tomati.

Je, ile ya Peru inaweza kuandikwa "sardini" ku etikete? Usicheke, hii swali ilipanda hadi ku OMC, shirika la biashara la dunia. Mu mwaka 1989 Jumuiya ya Ulaya iliweka sheria kwamba mukebe utakaoandikwa "sardines" lazima uwe na Sardina pilchardus peke yake. Peru ikaona soko inafungwa mbele ya uso wake, ikashitaki. Ilitegemea Codex Alimentarius, kitabu cha kanuni za vyakula cha FAO na OMS, yenye inakubali karibu aina 20 za samaki ziitwe sardini, kwa sharti moja: ongeza jina la inchi, ao la eneo, ao la aina. "Sardini ya Peru", kwa mufano. Mu mwaka 2002 Peru ikashinda, hata ku rufaa. Mataifa makubwa yakabishana miaka juu ya neno moja ku kikaratasi, juu kila mutu alijua kama mukebe ule ule, samaki ile ile, ukiandika "sardine" unauza beyi fulani, na ukiandika kitu kingine unauza chini.

Wangereza wa Cornwall nao walijua. Samaki yao ya zamani waliiita "pilchard", na kwa Mwingereza ile jina ilikuwa inanuka chakula cha vita na cha maskini. Soko ilikuwa inakufa. Wakaanza kuiuza kama "Cornish sardines". Ni samaki ile ile, Sardina pilchardus mukubwa, na bahari ni ile ile. Beyi ikapanda. Sisemi ni udanganyifu, juu jina zote mbili ni za kweli. Ninasema tu kama sehemu ya beyi unayolipa iko inaandikwa na wino.

Makerele ni hadithi ingine, na hii inatugusa karibu zaidi. Makerele ya kweli, "maquereau", ni samaki ya aina ya Scomber. Lakini soma vizuri mikebe ya duara ya beyi ya chini: nyingi zimeandikwa "jack mackerel" kwa Kingereza, ao "chinchard" kwa Kifaransa. Hiyo ni Trachurus, na si ya ukoo wa makerele hata kidogo. Unajua chinchard ni nani? Ni Tomson yetu! Ile ile yenye ba mama wanachoma pembeni ya barabara na pilipili, ile yenye inalala mu chambre froide katika makartoni. Nyingi inavuliwa mu bahari ya Namibia, na Kongo ni mumoja wa wanunuzi wake wakubwa. Inashuka ku bandari ya Walvis Bay na kupanda kwa barabara yenye wakubwa wanaita korido ya Walvis Bay-Ndola-Lubumbashi. Kwa hiyo mwenzangu wa uchumi, kwa ule mukebe wake wa 7 000, alikuwa anatetea Tomson yenye imepikwa na tomati kisha kufungiwa mu chuma. Si kitu kibaya. Mimi ninaipenda. Lakini si vema kulinganisha na sardini kama ni kitu kimoja, na ukiwa na moto na sufuria, Tomson ya baridi peke yake itakutokea beyi ya chini kuliko yenye kuvaa chuma.

Juu chuma nayo unailipa. Mukebe, kifuniko cha kuvuta kwa kidole, etikete ya rangi, hivyo vyote havitoke bure. Ku samaki ya beyi ya chini, chombo kinakula sehemu mukubwa ya bei ya kiwanda. Njo maana mukebe mudogo karibu kila siku uko ghali kwa gramu kuliko mukubwa wa samaki ile ile: unanunua chuma nyingi kwa samaki kidogo.

Kisha kuna mikono. Sardini ni ndogo, ndani ya mukebe mumoja zinalala tatu, ine, wakati mwingine tano. Kila moja lazima ikatwe kichwa, itolewe tumbo, ipangwe vizuri, na kazi hiyo viwanda vingi bado vinaifanya kwa mikono, mikono ya wanawake zaidi. Chinchard inakatwa vipande vikubwa na kutiwa. Mutu mumoja, saa moja, anajaza kilo ngapi za hii na kilo ngapi za ile? Hapo tu umekwisha kupata sehemu ya jibu.

Na bahari haiko depo. Mu mwaka 1968 mu Namibia walivua zaidi ya tani milioni moja ya pilchard. Wakavua bila kipimo, na katika miaka iliyofuata samaki ile ikaanguka, na haikurudi tena kama zamani. Mu 2018 serikali ya Namibia ikafunga kabisa uvuvi wake kwa miaka mitatu. Viwanda vya mikebe vya upande huo vikaanza kununua samaki yenye kugandishwa kutoka mbali ili mashine zisilale. Ukiona beyi ya pilchard inapanda mu Lubumbashi na muchuuzi anakuambia "ni dola", anaweza kuwa na haki, lakini dola haiko peke yake.

Toni sasa. Hapa watu wanaliwa feza kabisa, na sisi wa Kifaransa tunaliwa mara mbili.

Toni ya mukebe si samaki moja. Ya beyi ya chini ni listao, Katsuwonus pelamis. Iko mudogo kati ya toni, inakomaa mapema, inazaa sana, na inavuliwa kwa nyavu kubwa za kuzungushia makundi. Zaidi ya nusu ya toni yote yenye dunia inavua ni hiyo. Juu yake kuna ile ya mapezi ya manjano, Thunnus albacares, yenye inaweza kupita kilo mia. Na juu zaidi kuna toni nyeupe, Thunnus alalunga, nyama yake ya rangi ya maziwa, yenye Wamarekani wanalipa zaidi.

Sasa mutego ni huu. Ku mukebe wa Kifaransa, neno "albacore" ni jina la ile ya mapezi ya manjano. Ku mukebe wa Kingereza, "albacore" ni jina la toni nyeupe, yenye Wafaransa wanaita "germon". Neno moja, samaki mbili, beyi mbili! Mutu anasoma ku telefone, mu ukurasa wa Kingereza, kama albacore njo toni ya hali ya juu. Anashuka mu muji, anakuta "thon albacore" imeandikwa Kifaransa, anafurahi, analipa. Hakuna mutu amemudanganya. Amejidanganya kwa kamusi. Kama unataka kuwa salama, tafuta jina la Kilatini, lile lenye herufi za kulala. Likiwa halipo kabisa ku mukebe, hiyo nayo ni habari.

Na usisahau namna nyama imekatwa. "Thon entier" ni kipande kizima. "Morceaux" ni vipande. "Miettes" ni makombo, yenye inabaki ku meza wakati vipande vizuri vimekwisha kuenda mu mukebe mwingine. Ladha haiachane sana, na kama unaenda kuichanganya na mayonezi ao na makaroni, sijui juu ya nini utalipa kipande kizima. Lakini muchuuzi yenye anakuuzia "miettes" kwa beyi ya "entier", huyo umurudishie mukebe wake.

Juu ya mafuta nitapita mbio. Mafuta ya zeituni yako ghali, ya soya yako beyi ya chini, na ku etikete "huile végétale" mara nyingi ni soya. Tomati iko kati kati. Pilipili haiongezi kitu sana. Lakini kumbuka: mafuta ya sardini hatumwange. Jioni ile ya shida yangu, tulikaanga kitunguu na mafuta ya mikebe yote mine, hatukugusa chupa. Katika hesabu ya mwenzetu hii haikuingia. Katika yangu pia, juu sikuwa na akili ya kuisema wakati ule.

Labda mutu atauliza: basi yenye ghali njo yenye kujenga mwili zaidi? Apana. Sardini ya mafuta, kisha kumwanga mafuta, ina proteini karibu gramu 25 kwa gramu mia. Chinchard ya mukebe karibu 23. Toni inacheza kati ya 20 na 29, kufuatana na kama iko mu maji ao mu mafuta. Ni kusema kwa kazi ya nyama ya mwili, zote ni ndugu. Pahali zinaachana ni mifupa. Mukebe ukiisha kufungwa, wanaupika mu mashine ya mvuke, joto la digri 115 hadi 121, juu ya kuua mikrobe, zaidi ile ya botulisme. Joto lile linalainisha mifupa hadi unaitafuna bila kujua. Njo maana sardini ina kalisiyumu karibu miligramu 380 kwa gramu mia, na chinchard karibu 240. Toni, yenye wameitoa mifupa yote ili ionekane safi, haifike 20. Unaona mambo yanavyogeuka: tumelipa zaidi ili watuondolee mifupa, na mifupa njo ilikuwa dawa ya mama mwenye mimba na ya mutoto mwenye kuota meno.

Sasa barabara, juu sisi wa Lubumbashi tuko mbali na bahari zote.

Mukebe unafika kwetu kupitia Dar es Salaam, ao Durban, ao Walvis Bay, kisha Zambia, kisha Kasumbalesa. Lori inalipwa kwa uzito na kwa nafasi. Haijali kama ndani ya kartoni kuna toni nyeupe ao Tomson. Hapa kuna jambo moja zuri lenye wachumi wawili wa Marekani, Armen Alchian na William Allen, walieleza mu kitabu chao cha 1964. Tuseme ku kiwanda mukebe wa beyi ya chini ni senti 40, na ule mwema ni senti 80. Mwema ni mara mbili. Ongeza barabara, senti 40 kwa kila mumoja: vinakuwa senti 80 na dola 1,20. Sasa mwema ni mara moja na nusu tu. Unaona? Kadiri tuko mbali na bahari, kitu chema kinakuwa ghali kidogo zaidi tu kuliko kibaya. Mutu wa Walvis Bay anasita sana mbele ya mukebe mwema kuliko mutu wa Katuba, hata kama mutu wa Katuba ni maskini zaidi. Namba nimezitunga juu ya kueleza, lakini namna ya kufikiri ni yao.

Mwenye kusoma uchumi atanikata: ushuru unahesabiwa kwa asilimia ya beyi, na muchuuzi naye anaweka faida yake kwa asilimia. Ni kweli. Asilimia haigeuzi kitu, mara mbili inabaki mara mbili. Kwa hiyo yenye tunaona mu soko ni mchanganyiko: barabara inasogeza beyi zikaribiane, asilimia inaziacha pahali zilikuwa. Kwa ndugu zetu wenye kuanza biashara, hii si nadharia. Ukipeleka bidhaa hadi Kasenga ao Pweto, kila kilomita unayoongeza inakula zaidi ule mukebe wa beyi ya chini, juu barabara inaukamata kama mukebe wowote wakati faida yake ni kidogo.

Kuna tofauti ingine ya beyi, yenye sitaki muichukue kama bahati. Wakati mwingine unakuta mikebe ile ile, jina lile lile, kwa nusu ya beyi. Angalia tarehe kwanza. Mwenzetu mumoja, kisha kumaliza masomo, alitia mutaji wake wote mu makartoni ya makerele yenye aliuziwa "kwa urafiki", na tarehe ilikuwa imebaki wiki sita. Aliuza nusu, ingine akagawia jamaa. Kisha angalia umbo. Mukebe wenye kubonyea kidogo ubavuni hauna neno kubwa, lakini wenye kubonyea ku pembe pale chuma kimeungwa, ao wenye kuota kutu ya kula, uache. Na wenye kuvimba, hata kama wanakupa bure, usiufungue hata kuonja, juu sumu ya botulisme haina lazima ya kunuka.

Na sasa mukebe mukubwa, ule wa akiba. Uko beyi nzuri kwa gramu, tumeona. Lakini ukiisha kufunguliwa, samaki ni ya leo. Ku home hatukuwa na frigo, na wenye walikuwa nayo walikuwa na delestaji. Mutu mumoja mwenye kufungua gramu 425 atakula nusu, na nusu ingine asubuhi itakuwa na historia. Samaki za aina hizi, sardini, makerele, toni, zikikaa mu joto zinatengeneza histamini, na histamini haife hata ukichemsha tena. Uso unawaka, kichwa kinapiga. Kwa watu sita, mukebe mukubwa unashinda. Kwa mutu mumoja mu chumba chake, ule mudogo wa ghali njo wa beyi ya chini, juu haachi kitu.

Ningeweza kumaliza hapa, lakini kuna jamaa mumoja yenye hatujaita ku meza. Ndakala. Ile ya ziwa Tanganyika, yenye inashuka kutoka Kalemie na Moba mu mifuko, ni jamaa wa sardini, si kwa mufano, kwa damu: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, zote ni za kundi moja na sardini na heringi. Hiyo ya pili njo walipeleka mu ziwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, pale wanaiita sambaza, na miaka kumi nyuma yake mu ziwa Kariba, pale Wazambia wanaiita kapenta. Ikikauka, maji yametoka, na zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki proteini. Gramu mia ya ndakala kavu inapita mara mbili gramu mia ya sardini ya Maroko kwa proteini, na mifupa yake tunaikula yote. Haina chuma ya kulipa, haina zeituni, haina OMC. Ina mchanga kidogo, hiyo ninakubali, na lazima uioshe vizuri.

Mwenzangu wa uchumi tuko naye hadi leo mu kundi la WhatsApp la promosyo. Mwezi uliopita nilimutumia hii hesabu yote, na gramu, na 1 300 F. Akajibu kisha siku mbili. Alikuwa amepiga picha ya mukebe wa duara, pale nyuma, pale "poids net égoutté" imeandikwa: 225. Ule wake wa sasa umepunguka gramu kumi, na beyi haijashuka.